Muhuri Kaupiga Nani?

Sarafu za shaba zilizopigwa Kilwa zama za masultani wake zina jambo ambalo mpenzi wa ushairi hawezi kulipita bila ya kusita. Upande mmoja lilitiwa jina la sultani; upande wa pili, maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu; na pande mbili hizo zikapatanishwa kwa vina. Aliyeigeuza sarafu kiganjani alisoma ubeti mfupi, nusu huku na nusu huku, na aliyetia jina lake alikuwa amejitia dhamana.

Kijana mmoja wa Unguja, fundi wa programu za wavuti, hakuwa akiifikiria Kilwa siku alipopewa na tajiri wa ng’ambo kazi ya kutengeneza orodha ya sarafu za kidijitali. Kazi ilionekana nyepesi. Kila sarafu ilitaka aikoni yake ndogo, ubavuni mwa jina na bei. Aikoni hizo zipo tayari kwa mamia, zimechorwa kwa SVG, yaani kwa mistari inayoelezwa kwa hesabu, hata zikikuzwa hazififii. Kijana akaunda kijenzi kimoja kifupi: kipe herufi za sarafu, nacho kitakuletea sura yake. Ukikipa BTC, linakuja duara la rangi ya chungwa lenye B nyeupe iliyoinama kuliani. Alama hiyo ya B nayo ilisubiri: Bitcoin ilianza Januari 2009, lakini alama yake haikupata nafasi katika Unicode hadi Juni 2017, na kabla ya hapo wengi waliazima ile ya baht ya Thailand.

Jioni moja mjomba wake, ambaye ni sonara, alipita kumtazama. Akaishusha miwani puani, akaikodolea skrini kama anayekagua kipuli.

“Mwanangu, hizi mbili mbona zina sura moja?”

Kweli. Katika orodha ya majaribio, USDT ilitokea mara mbili, na zote zilivaa duara lile lile la kijani. Kijana akaeleza kwamba katika Ethereum mtu yeyote aweza kutoa sarafu na kuipa herufi azitakazo. Kinachoitenga moja na nyingine ni anwani ya mkataba wake, herufi na tarakimu 40 baada ya 0x. Moja ya zile mbili ilikuwa ya mtu aliyejitwalia herufi za mwenziwe.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. “Basi muhuri huu kaupiga nani?”

Swali lile halikumtoka. Siku zote alidhani sura hutoka ndani ya sarafu yenyewe, na sivyo. Kanuni ya ERC-20, iliyopendekezwa Novemba 2015 na Fabian Vogelsteller na Vitalik Buterin, inaacha nafasi ya jina na herufi; picha haimo. Daftari lile la pamoja, linalosifiwa kuwa haligushiki, halina habari ya rangi wala duara. Muhuri ameupiga yeye, fundi, kwa mistari michache ya maandishi aliyoiona ni pambo tu. Mghushi hakuhitaji kuiga muhuri, alikuwa ameazimwa.

Usiku ule akakivunja kijenzi na kukiunda upya. Sasa kinaulizia kwanza mtandao wa sarafu na anwani yake, kisha kinalinganisha na orodha aliyoihakiki mwenyewe moja moja. Isiyomo hupewa duara tupu la kijivu, na anwani yake huandikwa chini. Kwa asiyeona, jina hutiwa kwa maneno ili programu ya kusomea skrini ilitamke. Na hapo pia jina lisilothibitika hutanguliwa na neno la tahadhari.

Mwenye kazi hakupendezwa. Ukurasa, alisema, umekuwa kinywa chenye mapengo, ilhali kwa washindani wake kila sarafu inang’ara. Akataka kijenzi cha kwanza kirejeshwe. Kodi ya nyumba ilikuwa imekaribia, na kijana alijua kwamba mafundi wa kuirejesha kazi ile kwa saa moja hawakosekani. Akamwandikia kwamba hatorejesha. Akamwekea mbele USDT zile mbili zenye sura moja, akamuuliza: wewe ungenunua ipi?

Jibu lilikaa siku tatu. Lilipofika lilikuwa na maneno mawili: mapengo yabaki.

Katika sarafu ya Kilwa, macho yaliweza kuhakiki kina pande zote mbili. Katika sarafu hizi mpya upande mmoja ni picha, na wa pili ni anwani ambayo hapana asomaye. Anayezikutanisha ni fundi, na vina visipopatana, hasara humfika mwingine.

Mjomba alirudi siku ya Ijumaa baada ya sala. Akaweka kidole juu ya duara moja la kijivu.

“Hii haijapimwa?”

“Haijapimwa, mjomba.”

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaomba kahawa.