Rosa kabla ya Rosary

Nakala ya Rosa Mistika iliyozunguka bwenini kwetu haikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo. Zilichanwa au ziling'oka kwa kushikwashikwa, hatukujali. Tulichojua ni kwamba riwaya hiyo ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, iliwahi kupigwa marufuku shuleni, na sifa hiyo ilitutosha. Ilivikwa gazeti, ikapitishwa chini ya mito, ikasomwa kwa tochi taa zikishazimwa. Ukiiweka kitandani ilifunguka yenyewe kwenye kurasa zile zile: Rosa yuko chuo cha ualimu Morogoro, na wanaume wanapishana.

Kwa hiyo Rosa niliyekutana naye nikiwa kidato cha pili alikuwa tayari yuko sekondari ya Rosary, Mwanza. Alikuwa msichana anayewaogopa wavulana kupita kiasi, kisha ghafla asiyemwogopa yeyote. Hakuwa na kwao. Tulimsoma kama tulivyokuwa tukionywa na matroni na shangazi zetu: huyu ndiye anayeharibika. Alipojiua tulihuzunika, kitabu kikaenda kitanda cha jirani. Sehemu ya mwisho, ambapo Rosa na baba yake wanasimama mbele ya Mungu, tuliiruka. Hatukuelewa mtoto anamlaumu baba kwa lipi, maana baba mwenyewe hatukumfahamu.

Baada ya shule sikuifikiria tena. Kezilahabi alipofariki Januari 2020 nilisoma tanzia zake, nikajaribu kuikumbuka hadithi, nikapata majina mawili matatu tu, Rosa, Deogratias, Morogoro. Hata Ukerewe sikuikumbuka. Majuzi binti yangu, aliye na umri niliokuwa nao wakati ule, alitaka kuisoma, nikamnunulia nakala nzima. Usiku huo nikaanza mimi.

Katika nakala ile ya bwenini sikuwa nimewahi kuiona Namagondo, kijiji cha huko Ukerewe. Ndiko alikozaliwa Kezilahabi mwenyewe, mwaka 1944, na ndiko alikoiweka nyumba ya Zakaria na Regina. Kuna wasichana watano, Rosa, Flora, Honorata, Stella na Sperantia, ndipo anakuja mvulana, Emmanuel. Baba ni mlevi. Mama ndiye anayeibeba nyumba, na bado anapigwa. Kijana aitwaye Charles anamwandikia Rosa barua, ndani yake kuna fedha. Zakaria anagundua. Kipigo kinachofuata nilikisoma nimesimama, kwa sababu nilishindwa kuketi.

Baba yangu hakuwa Zakaria. Hakunywa, na kwa barua hakunipiga hata siku moja. Lakini barua zangu zote zilikuja kupitia sanduku la posta la ofisini kwake, naye alizifungua kwa wembe, taratibu, akazisoma, akazikunja zilivyokuwa, akanikabidhi mezani wakati wa chakula. Hakusema neno. Nikajifunza kuwaandikia marafiki barua zisizo na kitu ndani, salamu na hali ya hewa, nao wakajifunza kunijibu hivyo hivyo. Nilipofika chuo sikujua namna ya kumwambia kijana kwamba nampenda, wala namna ya kumwambia kwamba simtaki. La pili ndilo lililonigharimu zaidi.

Ndiyo maana sura za Rosary sasa nazisoma polepole mno. Ule woga wa Rosa tuliouona bwenini kuwa kichekesho una chanzo, nacho kimeandikwa wazi katika kurasa tulizokosa. Msichana aliyefundishwa kwa fimbo kwamba mwanamume ni hatari, bila kufundishwa kitu kingine chochote kumhusu, anafika mbele ya mwanamume aitwaye Deogratias akiwa hana neno hata moja la kujikinga. Deogratias anamlaghai kwa urahisi unaoniuma. Kezilahabi alikuwa kijana wa miaka ya ishirini alipoiandika, mwanamume aliyesoma seminari, na aliliona hili. Namheshimu kwa hilo kuliko kwa jambo lingine lolote katika kazi zake, na kazi zake nyingine ni kubwa.

Mwaka ule ule wa 1971 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Ndoa. Msichana aliruhusiwa kuolewa akiwa na miaka 15, mvulana asubiri hadi 18. Msichana aliye chini ya miaka 18 alihitaji ridhaa ya baba, na mama aliulizwa tu ikiwa baba amefariki. Kifungu kilichoruhusu ndoa za wasichana hao hakikutikiswa hadi Mahakama Kuu ilipotamka mwaka 2016 kwamba kinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo mwaka 2019. Sheria na riwaya zilitoka katika nchi moja, mwaka mmoja, na zote mbili zilimwona Zakaria mlangoni. Riwaya ndiyo iliyomuuliza maswali.

Binti yangu amemaliza kusoma kabla yangu. Yeye hakuiruka ile hukumu ya mwisho, ila haikumridhisha.

"Mama, mbona wanabishana baba na mtoto peke yao? Charles je? Anarudi kumchumbia, akijua si bikira anamwacha. Na Deogratias?"

Nilimwambia Charles alikuwa amelelewa hivyo. Akaniuliza Zakaria naye alilelewaje. Sikuwa na jibu, na bado tunalibishania kila tukikaa jikoni. Yeye anataka washtakiwa waongezwe. Mimi nataka Regina aitwe atoe ushahidi, aulizwe aliona nini siku ya barua, na ni nani katika Namagondo nzima angemsikiliza kama angesema.