Usicheke, hayo ni mawe!

Vijana wa mjini bwana! Mkimsikia mtu wa Kilole, pale Korogwe, anaulizia "mawe ya redio" mnaangua kicheko. Eti mshamba, si aseme betri? Polepole, jamani. Betri ya gari ya volti 12 ina vyumba sita ndani, kila kimoja kama volti 2. Jiwe ni chumba kimoja tu, volti 1.5. Sasa nani kasema sawasawa?

Redio ya bibi yangu inakula mawe manne makubwa, yaani volti 6. Likifa moja, kimya! Ndivyo tangazo la msiba wa shoga yake lilivyompita, akaja kusikia watu washazika. Tangu hapo nampelekea yaliyoandikwa R20. Yale madogo ni R6, na ukiona LR mbele ujue ni alkalini: yanadumu zaidi, na bei yake, mh!

Kuyaanika? Joto huyaamsha kidogo, kweli, ila zinki iliyokwisha liwa hairudi. Gamba likitoboka, maji yake yanakula vyuma vya redio. Nimemweleza bibi. Anaitikia vizuri tu, halafu mawe yanapanda juu ya bati kuota jua.