Dagaa wa Mchangani

Sikuwa nimewahi kuvuka Tabora. Treni ya Reli ya Kati ilipoiacha Uvinza, mama mmoja wa behewa letu alinionyesha michikichi dirishani akasema, "Hapa sasa ni kwetu, mwanangu." Wajerumani waliifikisha reli hii ziwani mwaka 1914, na stesheni waliyoijenga Kigoma ingali imesimama. Ukishuka tu, Ziwa Tanganyika liko mbele yako, na milima ya Kongo ng'ambo.

Mwenyeji wangu tulisoma naye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Anafuga kuku wa mayai Ujiji, na kuku walikuwa wakimfia: wanazubaa, vilemba vimepauka, kinyesi cha kijani na manjano. Chanjo ya kideri alishawapa. Chakula huchanganya mwenyewe kwa pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, chokaa, mifupa na dagaa. Niliwashuku dagaa, nikamwomba tuwaone kwanza, ndipo twende bandani.

Akanipeleka mwalo wa Kibirizi asubuhi. Zilikuwa siku za giza, mwezi haujaandama, na wavuvi wa usiku walikuwa wamerudi na shehena. Akina mama walikuwa wakiwamwaga dagaa wabichi, wengine juu ya vichanja vya wavu, wengine chini mchangani. Nilisimama pale muda mrefu. Juu ya kichanja upepo hupita chini na juu, samaki hukauka upesi. Chini, kuku wa mtaani walikuwa wakidonoa na kuacha kinyesi humo humo, mbuzi wakipita, kunguru wakishuka. Jioni hufagiliwa vyote pamoja, samaki na mchanga.

"Hawa wa kichanja ni kitoweo," mama mmoja alinieleza. "Wale wa chini, na hili vumbi, wanachukua watu wa kuku. Bei yake ndogo."

Dagaa wanaolishwa kuku nchini wengi hutoka Ziwa Viktoria, kwa kuwa dagaa wa Kigoma ni ghali mno. Kinachoangukia kuku hapa ni mabaki, na mabaki ndiyo yenye uchafu mwingi. Bakteria wa salmonela, wanaotoka kwenye kinyesi hicho, hawazaliani kwenye dagaa mkavu, lakini humo huishi kwa miezi. Gunia likinyeshewa njiani au likilazwa kwenye sakafu yenye unyevu, bakteria huamka na kuongezeka. Mvua za Kigoma huanza Oktoba na kuendelea hadi Mei, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka dagaa wa mchangani hawapati jua la kutosha.

Njia ya Ujiji inapita karibu na makumbusho ya Livingstone, mahali Stanley alipomkuta mwaka 1871. Sikushuka, kuku walikuwa wakiningoja.

Bandani nilipokewa na harufu ya amonia iliyoniwasha macho. Nikachota maranda chini ya chombo cha maji, nikayafinya. Yalishikana yakawa donge, maji karibu yachuruzike. Maranda mazuri, ukifumbua kiganja, huachana. Pale palipolowa, kinyesi na chakula kilichomwagika hugeuka shamba la vijidudu, na kuku hudonoa hapo hapo mchana kutwa. Kuku aliyepona naye huendelea kutoa bakteria kwenye kinyesi, huku anakula na kutaga kama kawaida.

Tulimpasua aliyekufa asubuhi ile. Ini lilikuwa limevimba, lina rangi ya shaba iliyoingia ukijani, na bandama kubwa. Ni dalili za homa ya matumbo ya kuku. Si taifodi ya binadamu, ingawa bakteria wake ni ndugu. Ya binadamu haitoki kwa kuku. Lakini ziko salmonela nyingine za kuku ambazo humharisha mtu kupitia mayai na nyama isiyoiva. Tukafunga sampuli kwenye barafu ziende maabara ya veterinari, kwa sababu macho peke yake hayatoshi kuthibitisha.

Jirani alishauri antibiotiki ya oksitetrasaiklini kwenye maji, mayai yaendelee kuuzwa. Nilikataa kwa ukali, na ningekataa tena. Dawa hiyo hupunguza vifo kwa muda, huacha mabaki kwenye yai, na huzoesha bakteria dawa ambazo kesho mtoto atazihitaji hospitalini. Wakati huo maranda yaliyolowa na gunia chafu vinabaki palepale.

Tuliyoyafanya ni haya: tuliyatoa maranda yote tukayachoma, tukapaka chokaa, tukainua vyombo vya maji, tukaweka beseni la dawa mlangoni kwa viatu. Magunia tukayapandisha juu ya mbao. Dagaa waliobaki hatukuwarudisha kwenye mchanganyiko.

Kosa hili silitupii akina mama wa Kibirizi. Wanaanika mahali walipo na nafasi, na ziwa lilipopanda miaka ya karibuni lilimeza sehemu ya ufuo wao. Vichanja vinahitaji miti, wavu na mtaji. Halmashauri za mwambao zivijenge. Nawe mfugaji, ukifika sokoni, chota dagaa kiganjani kabla ya kulipa: ukiona mchanga, unyevu au kinyesi, mwachie mwenyewe, na utoe bei ya juu kwa wa kichanja. Anayeanika vizuri ataendelea tu akipata mnunuzi.