Utafiti Urudi Mtaani

Gatina, Nairobi. Nashuka matatu ya 46 Kawangware, nafuata kinjia kinachopenya kati ya nyumba za mabati. Mama anayeuza maji kwa mtungi wa lita 20 ananieleza: "Wanafunzi wa chuo walikuja. Waliuliza habari za vyoo, maji, watoto kuharisha. Tukajibu. Hatukuwaona tena."

Sheria ya Vyuo Vikuu ya Kenya ya 2012 inataka zaidi ya hayo. Kifungu cha 3 kinaweka usambazaji wa matokeo ya utafiti kwa jamii miongoni mwa malengo ya elimu ya chuo kikuu. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyounda Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu inayovikagua. Vyuo vya umma, juu ya hayo, hutia saini kandarasi za utendakazi na serikali.

Kibera, Nairobi. Mwaka 2009 vijana wa hapa, chini ya mradi wa Map Kibera, walipita vichochoroni na vifaa vya GPS wakichora vyoo, zahanati na shule ambazo ramani za kawaida hazikuonyesha. Ramani ikawa ya yeyote anayeitaka.

Tandale, Dar es Salaam. Mbegu hiyo ilivuka mpaka. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walichora ramani ya Tandale bega kwa bega na wenyeji. Mwaka 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria, safari hii katika kata zinazokumbwa na mafuriko.

Mukuru, Nairobi tena. Hapa ndipo nilipokaa zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Chuo Kikuu cha Strathmore na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walifanya kazi na Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, wakaonyesha kwamba maskini wa Mukuru hulipia maji bei kubwa kuliko wakazi wa mitaa ya kitajiri. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ikaitangaza Mukuru eneo maalumu la mipango, na wakazi wakashiriki kuandaa mpango wenyewe. Leo natembea juu ya lami.

Tofauti ya Mukuru na Gatina haiko kwenye maswali yaliyoulizwa. Mukuru, waliojibu waliketi mezani majibu yalipojadiliwa.

Makala na makongamano mkaguzi wa Tume anaweza kuyahesabu akiwa ofisini kwake Gigiri. Naomba afike na Gatina, aulize kama matokeo yalisomwa barazani, kwa Kiswahili, na nini kilifuata. Chuo kisichoweza kujibu hilo kisipewe alama za huduma kwa jamii, iwe katika ukaguzi au katika kandarasi yake ya utendakazi.