Somo Lililotupita Mlangoni

Katika vyuo vya ualimu vya miaka ya themanini, saikolojia ilikuwa somo la majina. Pavlov alikuwa mbwa na kengele. Thorndike, paka kizimbani. Skinner, panya na kitufe. Piaget, hatua nne za mtoto. Freud, ndoto. Maslow, piramidi ya mahitaji. Mwanachuo aliyeyapanga majina hayo bila kuyachanganya alifaulu, na wengi wetu tulifaulu. Vitabu vilikuwa haba, hivyo mkufunzi aliingia na notisi zake akajaza ubao kuanzia kona ya juu, nasi tukanakili mpaka vidole vikafa ganzi. Alipofika kwa Pavlov alimchora mbwa kwa chaki, na mrija mdogo shavuni wa kukingia mate, kisha akaweka mishale: kengele, nyama, mate. Daftari langu bado ninalo. Mbwa yupo, mishale ipo, na pembeni pameandikwa kwa wino mwekundu: "Muhimu kwa mtihani."

Ni kweli swali lile lilitoka. Ila hakuna swali hata moja lililotuuliza juu ya watu tuliotoka kwao, na tulitoka kwa watu waliobeba mambo mazito.

Kwetu ni Kagera. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka yakaiteka ardhi ya kaskazini mwa Mto Kagera, na watu wakakimbia na watoto mgongoni. Waliporudi vita vilipokwisha, 1979, walikuta nyumba zimebomolewa, mifugo imeporwa, kanisa la Kyaka limebaki magofu. Hata hawajamaliza kujenga upya, mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini wakagunduliwa mkoani humo humo. Kabla ugonjwa haujafahamika watu waliuita Juliana, jina la nguo za magendo zilizokuwa zikiingia kutoka Uganda. Siku za wiki tulikuwa tunaandika hatua za Piaget. Jumamosi tulikuwa tunaomba ruhusa ya kwenda kuzika.

Nilipopangiwa shule ya kwanza nilimkuta mwalimu wa darasa la sita, mtu mzima, mpole, mwenye mwandiko ambao hata mkaguzi aliusifu. Alikuwa amezika wadogo zake wawili na kuwachukua watoto wao wote, akawajumlisha na wake katika nyumba ya vyumba vitatu na mshahara usiofika tarehe ishirini. Alifika shuleni kabla ya kengele ya usafi, si kwa bidii tu, bali kwa sababu usingizi ulimtoroka tangu saa tisa usiku. Akiandika ubaoni, chaki ilitetemeka. Siku moja alirudi kutoka zahanati na vidonge vya presha kwenye kikaratasi kilichokunjwa, akatuambia alichoambiwa na mganga: "Mwalimu, punguza mawazo." Kisha akatutazama mmoja mmoja pale ofisini. "Niyapunguze niyapeleke wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Chumba kizima tulikuwa walimu, na kila mmoja wetu alikuwa na daftari la saikolojia nyumbani.

Nimesoma mengi tangu siku ile, na kila nilichosoma kimenirudisha kwa mtu yule. Walter Cannon, mwanafiziolojia wa Harvard, alikwisha kueleza tangu 1915 jinsi mwili unavyojiandaa mbele ya hatari: adrenalini inamwagika damuni, moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, tumbo linasimamisha kazi yake, ili mtu apigane au akimbie. Ni mpango mzuri kwa mtu aliyekutana na chui. Chui akiondoka, mwili unatulia. Mwalimu wetu hakuwa na chui wa kumkimbia. Alikuwa na ada, na misiba, na kikohozi cha mtoto katika chumba cha pili, na hofu ya kujiuliza nani anafuata.

Mwaka 1936 Hans Selye, aliyekuwa Montreal nchini Kanada, alichapisha barua fupi katika jarida la Nature. Alikuwa amewatesa panya kwa njia mbalimbali, kwa baridi, kwa majeraha, kwa dawa kali, na kila mara akakuta mambo yale yale ndani yao: tezi za juu ya figo zimevimba, tezi ya thaimasi inayosaidia kinga imenywea, tumbo limetoka vidonda. Akatambua hatua tatu. Kwanza mwili unashtuka. Kisha unajikaza na kustahimili, na kwa nje mtu anaonekana mzima kabisa. Mwisho, mzigo usipotuliwa, unachoka na kuanza kuvunjika. Hatua ya pili ndiyo inayowadanganya majirani. Wote tulimsifu mwalimu yule kwa ujasiri wake, naye alikuwa katikati ya hatua hiyo. Homoni ya kotisoli inapobaki juu miezi na miaka, usingizi unaharibika, shinikizo la damu linapanda, kinga inapungua. Presha ile haikuwa imetoka hewani.

Hata mitazamo mikuu ya somo hili, ambayo tuliikariri kama safu ya viongozi, ingetufaa pale ofisini. Mtazamo wa kibiolojia ungeuliza juu ya moyo wake, usingizi wake na kidonge chake. Wa tabia ungeuliza ni nini katika siku yake kinachomwongezea mzigo na ni nini kinachomtua. Wafuasi wa Freud wangeuliza juu ya huzuni aliyoimeza bila kulia, maana kwetu mwanamume mwenye familia halii mbele za watu. Wa ubinadamu, wa akina Rogers na Maslow, ungetaka kwanza asikilizwe bila kuhukumiwa. Wa utambuzi ungeuliza anajiambia nini usiku wa manane. Wa jamii na utamaduni ungemtazama yeye pamoja na ukoo, mshahara na desturi za msiba. Daktari George Engel wa Marekani aliandika mwaka 1977, katika jarida la Science, kwamba ugonjwa hautaeleweka mpaka mwili, nafsi na jamii vitazamwe pamoja. Tulipokuwa chuoni maneno hayo yalikuwa na miaka michache tu. Hayakutufikia.

Mengi yalikuwa njiani miaka ile ile tulipoyahitaji. Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliingiza katika mwongozo wao rasmi majeraha ya nafsi yanayombakia mtu baada ya maafa: jinamizi, kushtuka kwa mlio wowote, kuepuka kila kinachokumbusha. Kilichowasukuma zaidi ni askari waliorudi kutoka Vietnam. Kyaka walikuwepo watu wenye dalili hizo hizo, na kwetu waliitwa waoga, au walevi. Nchi nzima ilijua jambo moja tu kuhusu afya ya akili, nalo ni Mirembe, hospitali ile ya Dodoma, ambayo jina lake lilitajwa kwa kunong'ona. Baina ya uzima na Mirembe hatukuona kitu. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ikapoteza mamia ya watu, walikuwepo ndugu wa marehemu ambao hawakukanyaga tena meli maisha yao yote, na bado tuliwaambia wajikaze.

Mwaka 1984 Richard Lazarus na Susan Folkman walitoa kitabu chao juu ya msongo. Walisema uzito wa jambo hautoki kwenye jambo lenyewe peke yake. Mtu hupima mara mbili: hili linanihatarisha kiasi gani, na nina nini cha kukabiliana nalo? Ndiyo maana wawili waliofiwa wiki moja hawaanguki sawa. Swali la pili, la nina nini na nina nani, ndilo alilotuuliza mwalimu wetu kwa maneno yake.

Sayansi yenyewe nayo imejisahihisha, na haki ni kulisema hilo. Miaka ile kila mwenye vidonda vya tumbo aliambiwa ni mawazo, akapewa vidonge vya magnesiamu vya kutafuna, akarudi nyumbani akijilaumu kwamba anawaza mno. Huko Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren walikuwa wamegundua bakteria anayeishi ndani ya tumbo. Mwaka 1984 Marshall alikunywa bakteria hao mwenyewe, akaugua tumbo, ili kuthibitisha kwamba wanaleta maradhi. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Leo vidonda vingi hutibiwa kwa antibayotiki. Nawakumbuka wazee waliovumilia maumivu miaka mingi na lawama juu yake, na dawa ya kuwaponya ilikuwa tayari duniani.

Lakini jambo linalonisikitisha kuliko yote ni la matanga. Zamani kwetu msiba ulikuwa na siku zake. Nyasi zilitandazwa sebuleni, jamaa wakalala hapo, ndizi zikapikwa na majirani, na usiku marehemu akasimuliwa tangu utoto wake mpaka mwisho. Mfiwa hakuachwa peke yake hata kwenda kisimani. Vifo vilipozidi tukaanza kupunguza. Siku zikawa chache, kisha tukazika asubuhi na jioni kila mtu yuko shambani kwake, kwa sababu kesho kulikuwa na kaburi lingine la kuchimba. Hatukuwa na namna. Kijiji kingekufa njaa. Mwaka 1985, katika miaka hiyo hiyo ya kupunguza, Sheldon Cohen na Thomas Wills walichapisha mapitio ya tafiti nyingi yakionyesha kwamba kuwa na watu wa kukutegemeza humkinga mtu na madhara ya msongo, mwili na nafsi. Kile tulichokuwa tunakikata kilikuwa kinga, na tulikikata wakati tulipokihitaji kuliko wakati wowote.

Leo mambo yamebadilika, na nafurahi. Binti wa mdogo wangu anasoma saikolojia chuo kikuu. Vijana wanasema wazi kwamba wana msongo, wana sonona, wanahitaji mtu wa kuzungumza naye. Ushauri nasaha, ambao sisi tulianza kuusikia kwenye vituo vya kupima virusi vya ukimwi, sasa unatajwa shuleni, kazini, redioni. Binti yule alipoliona daftari langu alilifungua kwa heshima, akasoma kurasa kadhaa, akaniuliza: "Baba mkubwa, mlikuwa mnasoma haya wakati wa ukimwi?" Nikamwambia ndiyo. Akakaa kimya. Baadaye akanionyesha slaidi zake kwenye simu. Mbwa yupo. Panya yupo. Piramidi ipo, sasa ina rangi. Ipo pia ile orodha ya Holmes na Rahe ya 1967, ya matukio 43 yanayomlemea mtu, kila moja na alama zake: kufiwa na mume au mke 100, kufunga ndoa 50, mpaka sikukuu ya Krismasi. Mkopo wa nyumba umo. Vita havimo.

Nikamuuliza kama wamefundishwa kuhusu Mary Ainsworth. Alimjua vizuri: mtafiti wa Marekani, jaribio la chumba chenye vitu vya kuchezea, mama anatoka, mtoto analia, mama anarudi. Hakujua kazi ile ilianzia wapi, nami pia nilichelewa sana kujua. Ilianzia Uganda. Ainsworth alifika Kampala mwaka 1954 akifuatana na mumewe aliyepata kazi huko, na kwa miezi mingi akawa anazitembelea familia 26 katika vijiji vya Baganda, ng'ambo tu ya mpaka kutoka kwetu, kwa watu ambao lugha yao na yetu ni ndugu. Alikaa sebuleni mwa kina mama hao, na mkalimani kando yake, akaandika jinsi mtoto anavyotambaa kwenda kuchungulia dunia na kurudi kugusa magoti ya mama kabla ya kwenda tena. Kitabu chake kuhusu watoto wa Uganda kilitoka 1967. Baltimore, huko Marekani, na chumba chenye vitu vya kuchezea vilikuja baadaye. Moja ya nguzo za saikolojia ya mtoto ilisimikwa juu ya mikeka ya akina mama wanaopika matoke kama mama zetu, nasi tuliisoma kama habari za Wazungu, wale wachache wetu tulioisoma.

Mwalimu wa darasa la sita alifariki kabla ya kustaafu. Siwezi kusema kwamba elimu ingemwokoa. Naweza kusema kwamba hakustahili kimya kile cha ofisini, na kwamba kimya kile kilifundishwa: tulizoezwa kuona kwamba saikolojia inahusu wengine. Binti wa mdogo wangu ana maneno ambayo sisi hatukuwa nayo, na ana wepesi wa kuyasema. Hofu yangu ni moja, kwamba naye atafaulu kama tulivyofaulu. Nimemwomba, na nawaomba wanaomfundisha, waanze somo pale Ainsworth alipoanzia: waende nyumbani kwa mtu, wakae, wasikilize kwa miezi, na wamtaje Selye baada ya hapo. Wazee wa Kyaka waliokimbia vita bado wapo wachache. Watoto walioachwa na ukimwi sasa ni watu wazima wenye presha zao. Hakuna mtaala unaohitaji kusubiriwa ili mtu awaulize wamebeba nini.