Hoteli Nzuri Eastleigh Haijulikani kwa Kibao

Msomaji, ukishuka matatu Eastleigh mwendo wa saa saba mchana na njaa inakuuma, usihadaike na kibao kilichopakwa rangi. Tazama wanakoingia wachukuzi wa mizigo. Mtu aliyebeba marobota tangu alfajiri hapotezi pesa zake kwa chakula kilicholala.

Mimi na mke wangu huchagua hivyo. Tuna watoto watatu na mshahara mmoja. Mtoto akiharisha, pesa za wiki nzima zinaishia kwa dawa. Wala bei si kinga. Kipindupindu cha mwaka wa 2017 kiliwapata hata wageni wa mkutano katika hoteli kubwa ya Nairobi. Kwa hivyo kwanza nanawa mikono. Pasipo na maji na sabuni tunatoka, hata pilau inukie namna gani. (Watoto hununa kweli kweli!)

Hoteli nyingi za Wasomali huko haziuzi pombe, na kwa mwenye watoto hiyo ni nafuu. Baa nawaachia wenzangu. Utaanza na supu, kisha wali kwa nyama ya mbuzi, na kando ndizi mbivu. Ndizi hiyo usiiweke ya mwisho. Imege, uile pamoja na wali. Mke wangu, mzaliwa wa Murang'a, alicheka siku ya kwanza. Siku hizi asipoiona anamwita mhudumu.

Uliza bei kabla ya kuagiza. Na chai ya maziwa ya ngamia, agiza kikombe kimoja kwanza. Mimi bado sijaizoea.