Siku Moja Mkanda: Setilaiti, Maji Kupwa na Nahodha

Wiki hii sina programu mpya ya kuwaonyesha wala lugha ya msimbo ya kuisifu. Nataka kuwasimulia siku moja niliyoshinda baharini Lamu kwenye boti ya rafiki yangu, kwa sababu imeniachia swali ambalo shahada ya sayansi ya tarakilishi haikunifundisha kulijibu.

Rafiki huyu tulisoma naye chuo kikuu. Siku hizi ana boti ya fibaglasi yenye injini mbili. Huitembelea na familia yake, na wageni wakija huikodisha. Alitaka nimtengenezee programu ya rununu itakayoonyesha njia salama kati ya visiwa, ili mwenye kukodi ajiendeshee mwenyewe bila nahodha. "Njoo tuzunguke siku nzima, urekodi njia," akaniambia. Basi Jumamosi moja ya Februari, Kaskazi ikivuma, tukang'oa nanga saa moja kasorobo asubuhi: yeye, mimi, nahodha, na kijana wa nahodha aliyekaa omo.

Kwa wasioijua sehemu ile: kati ya kisiwa cha Manda na bara kuna njia nyembamba iitwayo Mkanda, mikoko kila upande. Ukitoka mji wa Lamu kwenda Pate, Siyu au Faza, hiyo ndiyo njia ya ndani. Ya nje ni bahari kuu, mashariki ya Manda. Maji yakijaa, Mkanda ni kama mto mpana. Yakipwa, hubaki mfereji unaojipinda kati ya matope na mchanga.

Na siku ile ilikuwa ya bamvu. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, jua na mwezi huvuta bahari kwa pamoja, na katika pwani yetu tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huweza kupita mita tatu. Kati ya kujaa mara moja na kujaa tena hupita saa 12 na dakika 25 hivi, ndiyo maana kila siku maji huchelewa kwa kama dakika 50. Mimi niliyasoma hayo kwenye jedwali la Kilindini linalotolewa na Mamlaka ya Bandari. Nahodha alitazama mwezi usiku.

Asubuhi tulipita Mkanda bila shida. Rununu yangu ilirekodi nukta moja kila sekunde. Ukifikiria, ni maajabu: setilaiti zilizo kilomita 20,200 juu yetu, kila moja na saa yake ya atomiki. Saa hizo zisiporekebishwa kwa hesabu za Einstein zingekwenda mbele mikrosekunde 38 kwa siku, na ramani yako ingepotea kwa kilomita zipatazo 11. Lakini mimi niliiona nafasi yetu kwa kukosea mita chache tu.

Tukatokea ghuba ya Manda, kreni za bandari mpya, ile iliyofungua gati la kwanza mwaka 2021, zikionekana upande wa bara. Tukatia nanga Manda Toto. Tukaogelea juu ya matumbawe, tukala mahamri na chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa. Nilisahau kabisa kwamba nilikuwa kazini.

Saa tano kasoro dakika kumi simu ya rafiki yangu ikalia. Mama yake ameanguka ngazini nyumbani, nyonga imeumia, anatakiwa avushwe Mokowe apelekwe Mombasa. Lazima mwana awepo.

Maji yalikuwa ndiyo kwanza yamemaliza kupwa. Njia ya nje ilikuwa wazi, lakini Kaskazi ilikuwa imeshapanda na mawimbi yalionekana meupe kutoka pale tulipo. Nahodha akatazama huko, akatazama jua. "Tupeni nusu saa, kisha tutapita Mkanda."

Rafiki yangu alikuwa hatulii. Mimi nikapiga hesabu ambayo mabaharia wengi huitumia: katika saa ya kwanza bahari hupanda sehemu moja tu ya kumi na mbili, ya pili sehemu mbili, ya tatu tatu. Tukifika Mkanda karibu na saa sita, tungekuwa tumepata kama theluthi moja ya mita. Ndiyo hesabu ya mzee, ila yeye hakuitaja.

Tulipoingia, nilikuwa na mstari wa asubuhi kwenye skrini, umenyooka vizuri. Nahodha akauacha. Mahali mstari ulipopita katikati, sasa palikuwa na korongo wanatembea. Kipima kina cha boti kilisema mita 0.9. Chombo hicho hutuma sauti chini, ikakimbia majini mita 1,500 kwa sekunde na kurudi. Ni kizuri sana, ila kinatazama chini, hakitazami mbele. Kijana wa omo alikuwa akichomeka upondo na kutaja kina kwa sauti. Mzee alipunguza mashine, akainua injini moja, akaambaa na mikoko ya bara mpaka majani yakatugusa, kisha akakata kwenda upande wa Manda. Nikamwuliza anaonaje njia.

"Mwanangu, tazama mai, usitazame kioo," akasema, kwa Kiamu chake. Akanionyesha: penye mchanga maji hukunjamana, penye mfereji hupita kimya, rangi yake nzito.

Tulitoka upande wa pili bila kugusa chini hata mara moja. Rafiki yangu alimkuta mama yake kabla hajavushwa, akaenda naye.

Jioni nilikaa gatini na nahodha, nikamwonyesha mistari miwili, wa asubuhi na wa mchana. Akaitazama kwa muda mrefu, akacheka kidogo alipoiona kona ya mikoko. Halafu akauliza, "Na hii utampa nani?"

Nikamweleza kuhusu programu. Akanyamaza. "Mimi marehemu baba alinifundisha miaka minane kabla hajaniachia usukani. Ikiwa wewe umeichukua kwa siku moja, haya. Lakini nami nibaki na nini?"

Wasomaji, sisi watunga programu tumezoea kusema data ni data. Ule mstari wa mchana si data ya setilaiti. Setilaiti iliandika tu tulikopita; aliyejua pa kupita ni mtu, na mtu huyo analipwa kwa siku.

Nilimpa nahodha faili lile kwenye rununu ya kijana wake. Akaniambia atamruhusu alitumie, "ila kwanza ajue kusoma mai." Kwa rafiki yangu nilisema wazi kwamba jedwali la maji na ramani nitamtengenezea, lakini njia ya Mkanda haitaingia mpaka mzee akubali, na akikubali alipwe kila boti inapokodiwa. Rafiki yangu hakufurahi. Alisema mimi nimeajiriwa kuandika msimbo. Mama yake anaendelea kupona Mombasa, na kazi yenyewe bado imesimama.

Ninyi mngefanyaje?